Petroli ya boti isilale chumba kimoja na watoto

Ni saa mbili asubuhi. Baba amevua usiku kucha, samaki wameshauzwa mnadani, naye amejitupa kitandani. Mashine ya boti imeegemezwa ukutani. Dumu la petroli liko nyuma ya mlango, na chupa ya maji ya kunywa yenye petroli iliyobaki imewekwa sakafuni, karibu na ndoo. Mtoto wa miaka miwili anaamka. Ana kiu.

Picha hii si ngeni katika nyumba za wavuvi wadogo, kuanzia Tanga hadi Mtwara. Boti hubaki ufukweni, lakini mashine haiachwi. Ni mali ya gharama kubwa na wezi wanaijua. Hata ile ya HP 15, yenye uzito wa karibu kilo 40, hubebwa begani hadi nyumbani pamoja na mafuta yake. Hapo ndipo kazi ya baharini inapogeuka kuwa suala la malezi.

Chupa ya maji ndiyo mtego

Mtoto mdogo hajui kusoma, anachojua ni umbo la chupa. Akiona chupa ya maji au soda, anajua ni kinywaji.

Wazazi wengi hudhani petroli huumiza tumbo. Hatari kubwa zaidi iko kwenye mapafu. Petroli ni nyepesi, hivyo mtoto anapopaliwa au kutapika, hata kiasi kidogo huteleza kwenye njia ya hewa na kusababisha nimonia kali inayotokana na kemikali.

Kwa sababu hiyo, mtoto aliyekunywa petroli asitapishwe. Asipewe maziwa, maji ya dafu wala mafuta ya kula, hata kama jirani anasisitiza kuwa ndiyo dawa. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, kisha mpeleke hospitali mara moja. Ichukue na ile chupa ili mhudumu ajue alichokunywa.

Usisubiri kwa kuwa anacheza. Kikohozi, kupumua haraka au kusinzia kusiko kwa kawaida vinaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye.

Jambo jingine ni mfano tunaowapa watoto. Baba anayefyonza petroli kwa mdomo kwa mpira ili kuihamisha anahatarisha mapafu yake, na mtoto anayemtazama anajifunza. Tumia faneli au pampu ya mkono.

Mvuke hutambaa chini

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni, usawa wa godoro la mtoto, na unaweza kufika kwenye jiko la mkaa au kibatari kilicho mbali na dumu, moto ukalipuka. Nyumba ikinuka petroli, usiizoee harufu hiyo. Kagua kifuniko cha dumu, tangi na mpira wa mafuta, maana kuna kinachovuja. Dumu nalo lisijazwe hadi mdomoni, kwa kuwa mafuta hutanuka kwa joto.

Matunzo yafanyike nje

Chumvi ya bahari hula mashine kutoka ndani. Baada ya safari, iwashwe ikiwa imezamishwa kwenye pipa la maji baridi yasiyo na chumvi kwa dakika kadhaa. Isiwashwe kavu, kwani pampu yake ya maji itaungua.

Kazi hiyo ifanyike uani au ufukweni, kamwe si ndani. Moshi wa mashine una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua katika chumba kilichofungwa. Watoto wakae mbali na pipa, kwani propela inayozunguka haionekani vizuri majini.

Kabla ya kuizima, chomoa mpira wa mafuta na uiache iungurume hadi izime yenyewe. Hivyo itaingia ndani ikiwa na petroli kidogo sana.

Kwa mashine zinazochanganyiwa oili, changanya mafuta ya safari hiyo tu. Nyingi huhitaji lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, yaani mililita 20 kwa kila lita, lakini fuata mwongozo wa mashine yako. Ukipima vizuri unaokoa fedha, na kinachobaki cha kurudi nacho nyumbani kinakuwa kidogo.

Mafuta yawekwe wapi?

Mahali pazuri ni banda la nje lenye kupitisha hewa na kufuli, mbali na moto. Wavuvi wa ufuko mmoja wanaweza kuchangia banda na mlinzi. Hili ni jambo linaloweza kuanzia kwenye kikao cha BMU, kile kikundi cha kulinda rasilimali za bahari.

Ambaye hana banda aanze na lililo ndani ya uwezo wake: mashine ilale ndani, mafuta yabaki nje, kwenye dumu la petroli lenye kifuniko kinachobana, juu ambako mtoto hafiki.

Zile chupa za maji zibaki kwa ajili ya maji. Leo, kabla baba hajaamka, mzazi aliye nyumbani anaweza kupita nyuma ya mlango na kuangalia kilichopo sakafuni.