Kumbuka, Ewe Mtu, U Mavumbi
Mahubiri ya Jumapili inayotangulia Jumatano ya Majivu



Jumatano ijayo Mama Kanisa anatuingiza katika kipindi kitakatifu cha Kwaresima. Tutasogea mbele mmoja mmoja, mkubwa kwa mdogo, tajiri kwa maskini, na kila mmoja atapakwa majivu. Enzi za Misa ya Kilatini padre alitamka hivi: Memento, homo, quia pulvis es, et in pulverem reverteris. Maana yake ni kwamba, kumbuka, ewe mtu, u mavumbi, na mavumbini utarudi. Asili yake ni Kitabu cha Mwanzo, sura ya 3, aya ya 19, pale Mungu aliposema na Adamu baada ya dhambi. Upo na usemi mwingine wa Kilatini ulio mfupi zaidi, memento mori, yaani kumbuka kufa. Wako wanaodhani kwamba Kanisa husema hivyo ili kuwatisha watu. Wako pia wanaoyapokea majivu kwa mazoea tu. Yafaa basi tuelezane maana yake.

Wapagani nao walijua jambo hili. Tertuliano, mwandishi Mkristo wa Karthago katika Afrika ya Kaskazini, aliandika karibu na mwaka 197 kwamba hata Kaisari, akipita mjini juu ya gari la ushindi, alikuwa na mtu nyuma yake wa kumkumbusha kuwa yeye ni binadamu. Wenzetu wa Kilimatinde hawana haja ya kwenda Roma kuliona somo hilo. Hapo kwao, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, Wajerumani waliweka boma na kulifanya makao ya utawala wao. Mwaka 1916 Waingereza waliuteka mji huo, na baadaye makao ya wilaya yakahamia Manyoni, penye reli. Waingereza nao waliondoka. Mamlaka ya wanadamu hupita, na hata aliyetetemekewa na wengi hulazwa katika udongo uleule wa mnyonge.

Lakini kama ukumbusho wa kifo ungeishia hapo, ungekuwa huzuni tupu. Mkristo hupakwa majivu kwa alama ya msalaba. Tena majivu hayo hutokana na matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, matawi tuliyoyashika tukimshangilia Kristo aliyekuwa akienda kufa na kufufuka. Ndiyo maana Misale ya mwaka 1970 iliweka kando ya maneno ya kale maneno mengine ya kuchagua, yale ya Injili ya Marko 1:15, yanayotuita tutubu na kuiamini Injili. Kwetu sisi, kukumbuka kufa ni kukumbuka kutubu, maana Bwana aliyeshinda mauti anatungoja.

Sasa, ndugu zangu, ukumbusho huu unadai nini kwetu?

Kwanza, unadai tuikubali kweli kuhusu kifo. Msiba unapotokea, mara nyingi swali la kwanza vijijini mwetu ni hili: Nani kamuua? Mtoto amekufa kwa malaria, mzee kwa shinikizo la damu, lakini minong'ono huanza matangani, na macho humgeukia bibi kizee mwenye macho mekundu. Macho hayo ameyapata kwa miaka mingi ya moshi wa jikoni. Katika nchi yetu, hasa mikoa ya Shinyanga na Mwanza, akina mama wazee wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo. Mkristo aliyepakwa majivu siku ya Jumatano, kisha akakaa na watu wanaomtafuta mchawi, amesahau alichoambiwa. Hakuambiwa kwamba jirani yake atamrudisha mavumbini. Aliambiwa kwamba yeye ni mavumbi. Mwili wetu una mwisho wake hata pasipo adui. Makatekista, ninyi ndio mnaofika msibani kabla ya padre. Lisemeni jambo hili waziwazi, usiku ule ule wa kwanza, kabla minong'ono haijageuka kuwa panga.

Pili, unadai tutengeneze mambo ya nyumba yetu tungali hai. Wahenga walisema kufa kufaana, lakini wako wanaoigeuza methali hiyo kuwa ruhusa ya kumnyang'anya mjane shamba na ng'ombe. Baba anayekumbuka kufa huandika wosia wake mapema, mbele ya mashahidi, wala hawaachii watoto wake ugomvi kuwa urithi.

Tatu, unadai tushirikiane chakula. Jumatano ya Majivu huangukia kati ya tarehe 4 Februari na tarehe 10 Machi. Huko Ugogo ni majira ya mvua: uwele na mtama bado ni mbichi shambani, na akiba ya ghalani imepungua. Sheria ya Kanisa yataka wenye umri wa miaka 18 hadi 59 wafunge siku hiyo, yaani wale mlo mmoja kamili, na wenye miaka 14 na zaidi wajinyime nyama. Je, tumwambie nini mama ambaye nyumbani kwake mlo ni mmoja tangu Januari? Tusimtwishe mzigo juu ya mzigo. Mgonjwa, mjamzito, anyonyeshaye na mhitaji hawafungwi na sheria hiyo. Ila mwenye debe mbili ghalani, huyo ndiye anayeambiwa afunge, na kile alichojinyima kifike kwa jirani yake. Ugogo haujasahau njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920, iliyoitwa Mtunya, iliyowaua maelfu baada ya majeshi ya vita kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Kumbukumbu hiyo isitufundishe kuficha chakula, bali itufundishe kugawana. Yule tajiri mpumbavu wa Luka sura ya 12 hakukosea kwa kuvuna sana. Alikosea kwa kujenga ghala kana kwamba usiku wa kufa hautakuja.

Neno la mwisho kwa makatekista. Majivu hubarikiwa na padre au shemasi. Penye haja, ninyi mwaweza kusaidia kuyapaka na kuyapeleka kwa wagonjwa. Mkimpaka mgonjwa kitandani, tamkeni maneno taratibu, kisha mkumbusheni kwamba Mungu aliyemwumba Adamu kwa mavumbi anao uwezo wa kuyainua tena mavumbi hayo siku ya mwisho.

Bwana atujalie kuzihesabu siku zetu kwa hekima, ili atakapotuita atukute tumepatana na jirani na tumepatana naye. Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina.