Kiazi kikigeuka kijani

Ramadhani iliyopita nilinunua nusu gunia la viazi, maana kwetu futari bila katlesi haijawa futari. Nikaliweka ukumbi wa nyuma, papigwapo na jua la asubuhi. Kufikia kumi la mwisho, viazi vingi vilikuwa vimegeuka kijani na kuchipuza. Mke wangu akataka kuvitupa. Nikamwambia hiyo ni israfu, avimenye tu. Usiku ule mwanangu wa mwisho alilalama kuwa katlesi ni chungu na inamwasha kooni. Tukamhimiza amalize. Kabla ya daku alikuwa akitapika na kushika tumbo.

Alhamdulillah, kesho yake aliamka mzima. Siwezi kuapa kuwa ni vile viazi, lakini nilitafuta nikasoma, na niliyoyasoma yalinitia haya.

Kiazi ni wa ukoo mmoja na mnavu, na ukoo huo hujikinga na wadudu kwa sumu. Ya kiazi huitwa solanini, na iko nyengine mwenzake, chakonini. Kila kiazi kinazo kidogo, zaidi kwenye ganda, na hazitudhuru. Taabu ni kiazi kikipigwa na mwanga, kikichubuka au kikichipuza: hapo huzidi. Ule ukijani wenyewe hauna ubaya, ni rangi ile ile ya mchicha. Unatupa habari tu kwamba kiazi kimekaa kwenye mwanga. Na kiazi kilichochubuka chaweza kuwa na sumu nyingi bila ya kuwa kijani, kwa hivyo ulimi nao usikilizwe. Mwanangu alisema kweli.

Lililonishangaza zaidi ni kuwa kuchemsha hakuiondoi. Hata mafuta ya karai huipunguza kidogo tu. Sote tumelelewa kuamini kuwa moto huua kila kitu.

Mwaka 1979 madaktari wa Uingereza walichapisha kisa cha wavulana 78 wa shule moja ya London walioumwa baada ya kula viazi vilivyobaki tangu muhula uliopita. Walianza kutapika, kuharisha na kuumwa na tumbo saa kadhaa baadaye, na wengine walichanganyikiwa. Waliolazwa ni 17. Wote walipona.

Shangi, kiazi kilichojaa masokoni mwetu, huchipuza upesi mno. Kiweke gizani, penye baridi na hewa, si ndani ya mfuko wa nailoni. Kikiwa na doa dogo la kijani, kata kwa kina na uchimbe macho yote. Kikiwa kijani kizima, au kichungu, tupa. Mtoto aliyekula akitapika bila kukoma, mpeleke hospitali.

Kuhusu israfu, mke wangu aliniuliza ilikuwa wapi hasa: kuvitupa vile viazi, au kununua nusu gunia kwa watu watano? Sikuwa na jibu. Sasa nanunua kilo mbili mbili.