Giaboksi Isiyo na Hatia

Land Rover 109 iliyoegeshwa chini ya mwarobaini, kwenye gereji moja ya Arusha, ilikuwa imeshushwa giaboksi mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Safari ya kwanza zilibadilishwa beringi. Safari ya pili ikawa zamu ya klachi: pleti mpya, presha mpya, rilizi beringi mpya. Pesa ikaenda, gari likarudi barabarani, na dereva alipotaka kuingiza gia ya pili sauti ileile ikampokea, krrrr, kama mtu anayekoroga kokoto ndani ya debe. Mwenye gari alishaanza kuulizia bei ya giaboksi nzima.

Arusha si mji wa kubabaishwa na Land Rover. Hifadhi, misheni na watalii wamezitumia huko kwa miongo mingi, na Oktoba 2024 mji huo uliziandalia tamasha lao zenyewe. Hata hivyo, kushusha giaboksi ya Land Rover ya zamani si mchezo. Viti vinatoka, sanduku la chini ya viti linatoka, bati za sakafu zinafunguliwa skrubu moja baada ya nyingine, na nusu ya skrubu hizo zimeshaliwa na kutu. Kisha chuma kinachopita kilo 100, pamoja na transfa yake, kinaburutwa na kutolewa kupitia mlangoni. Ajabu ni kwamba jasho lote hilo hutoka kabla ya kufanywa vipimo ambavyo havidai zaidi ya mguu, sikio na dakika kumi.

Injini ikishawaka haisimami, na magurudumu nayo lazima yasimame kwenye kila taa na kila kizuizi cha polisi. Katikati yao ndipo ilipo klachi. Klachi pleti imebanwa kati ya flaiwili na presha pleti. Dereva akikanyaga, presha inaachia, pleti inabaki bila wa kuizungusha, na shafti inayoingia kwenye giaboksi inapunguza mwendo mpaka inatulia. Hapo gari lililosimama linaingia gia kimya.

Gari likiwa kwenye mwendo kuna shughuli nyingine. Hata klachi iachie vizuri namna gani, meno yanayotaka kukutana hayazunguki kwa kasi moja. Msuluhishi wao ni sinkro, ringi ndogo ambayo mara nyingi ni ya shaba ya njano. Inasugua koni ya gia kwa kitambo kidogo na kuzilinganisha pande mbili kabla meno hayajaingiana. Cadillac walileta kitu hicho kwenye magari yao mwaka 1928. Kabla ya hapo, dereva mwenyewe ndiye aliyekuwa sinkro.

Kwa hiyo ile krrrr ina wazazi wawili: klachi isiyoachia, au giaboksi iliyochoka. Zote zinalia sauti moja, na kwa kuwa sauti inatokea kwenye giaboksi, giaboksi ndiyo inayokamatwa.

Kipimo cha kwanza hakihitaji hata spana. Injini izimwe, klachi ikanyagwe, gia zote ziingizwe moja moja. Kama zinaingia laini injini ikiwa imezimwa, lakini zinagoma au kusaga injini ikiwaka na gari likiwa limesimama, shafti bado inazungushwa wakati ilitakiwa kuachwa. Mshukiwa ni klachi. Kama zinagoma hata injini ikiwa imezimwa, macho yaelekee kwenye fito za gia, bushi zake, au ndani ya giaboksi yenyewe.

Kipimo cha pili ni cha rivasi. Kwenye magari mengi ya zamani rivasi haina sinkro, na ndiyo maana ni shahidi mzuri: haina wa kuisitiri. Injini ikiunguruma taratibu na gia ikiwa fri, klachi inakanyagwa hadi chini, mtu anahesabu polepole mpaka tano, halafu anaingiza rivasi. Klachi nzima inaipa shafti nafasi ya kutulia, na rivasi inaingia kimya. Ikisaga hata baada ya kusubiriwa, kuna kitu bado kinaiburuta shafti. Wengi hukosea kwa kukanyaga na kuingiza papo hapo, wakasikia mkwaruzo, wakatoa hukumu. Shafti nzito inahitaji sekunde chache itulie.

Klachi isipoachia, mafundi wa mjini hukimbilia pleti, wakati mara nyingi ugonjwa uko kwenye mabomba. Land Rover tangu Series II inasukuma klachi kwa fluidi ya breki: masta iko juu kwenye pedeli, ile inayoitwa klachi apa, na silinda ndogo iko chini ubavuni mwa nyumba ya klachi, klachi lowa. Pedeli ikipigwa mara mbili tatu kisha gia zikaingia vizuri, kuna upepo kwenye bomba au raba za apa zimechoka. Mguu ukikaa juu ya pedeli na pedeli ikazama yenyewe polepole, fluidi inapita pembeni ya raba ndani ya masta bila tone kuonekana nje. Vinginevyo, vidole vipitishwe nyuma ya pedeli, kisha chini kwenye kofia ya raba ya lowa. Unyevu unaoteleza na kubabua rangi ya bodi ni fluidi ya breki, na mwenye kulaumiwa amejitaja mwenyewe.

Kuna kipimo kizuri zaidi ambacho wachache hukifanya. Mtu mmoja anakaa kwenye kiti, mwingine analala chini na rula, anaiweka kando ya kijiti kinachotoka kwenye lowa. Aliye juu akikanyaga, aliye chini anasoma kijiti kimesogea kiasi gani. Pedeli ikienda safari ndefu na kijiti kikitikisika kidogo tu, kazi inapotelea njiani: upepo, raba, pini iliyolika, au bomba la mpira linalovimba. Kijiti kikienda safari yake yote na rivasi bado inasaga, hapo ndipo kuna sababu ya kufikiria kufungua.

Na wakifungua, waangalie kitu kidogo kuliko vyote. Ncha ya shafti ya giaboksi imeegemea ndani ya bushi ndogo iliyopigwa kwenye mkia wa kreki. Bushi hiyo ikikauka na kung'ang'ania, kreki inaizungusha shafti moja kwa moja, hata klachi iachie kabisa. Gari linapewa pleti mpya na presha mpya, bushi ya bei ya soda inaachwa mahali pake, na tatizo linarudi na bili yake. Mwandishi huyu haamini kwamba kuna spea inayopuuzwa kuliko hiyo.

Gari la zamani lina maradhi mengine yanayotokana na kulala. Tanga, Mombasa, Unguja, popote penye hewa ya chumvi, gari likikaa miezi bila kuwashwa, kutu inaweza kuigandisha klachi pleti kwenye flaiwili. Pedeli inakwenda vizuri, kijiti kinasogea vizuri, gia hazikubali. Wenye magari ya kutunzwa huzuia hilo kwa kuwasha na kutembeza gari mara kwa mara, au kwa kuiacha pedeli imekandamizwa na kipande cha ubao wanapojua kwamba litalala muda mrefu.

Klachi inayoteleza ni kinyume cha hayo yote, na haijifichi. Gia zinaingia kama siagi, lakini kwenye mlima injini inapandisha sauti huku mwendo haupandi, na harufu ya kuungua inaingia kwenye gari. Kipimo chake: handibreki ivutwe kwelikweli, gia ya tatu iingizwe, klachi iachiwe taratibu huku mafuta yakikanyagwa kidogo. Injini inatakiwa izimike papo hapo. Ikiendelea kuunguruma, pleti imeisha au imelowa oili. Mara moja inatosha, na asiwepo mtu mbele ya gari.

Kama ni oili, Land Rover imeacha dirisha la kuchungulia. Chini ya nyumba ya klachi kuna tundu dogo lenye nyuzi, la kufungwa plagi wakati wa kuvuka mto. Siku za kawaida huachwa wazi kwa makusudi, kinachovuja kitoke. Kidole kikipokea tone, kinuswe. Nyepesi, nyeusi, yenye harufu ya moshi ni oili ya injini, na sili ya nyuma ya kreki ndiyo inayovuja. Nzito, yenye harufu ya salfa kama yai bovu, ni oili namba 90 ya giaboksi, na sili iliyokwisha ni ile ya shafti inayoingilia.

Masikio nayo yana zamu yao. Injini ikiwaka, gia ikiwa fri, mguu ukiwa mbali na klachi, kama kuna mngurumo unaokatika pedeli inapokanyagwa, ni beringi za giaboksi, kwa sababu shafti imesimama na sauti imesimama nayo. Kama kulikuwa kimya na mlio ukaanza pedeli ilipokanyagwa, rilizi beringi inaaga. Dereva mwenye tabia ya kupumzisha mguu juu ya klachi huiaga mapema zaidi.

Kila gari lina ukorofi wa kwao. Volkswagen Beetle haina fluidi ya klachi hata tone. Inavuta kwa waya unaopita katikati ya sakafu hadi nyuma. Pedeli yake inatakiwa icheze bure kati ya milimita 10 na 20 kabla ya kushika. Ikikosa mchezo huo klachi inateleza, ikizidi haiachii, na dawa ya yote mawili ni nati ya kipepeo iliyo mwisho wa waya. Karibu na giaboksi waya huo umevikwa mrija wenye kipinda kidogo. Fundi mwenye bidii akiunyoosha mrija ili upendeze, gari linaanza kuruka kama chura kila linapoondoka, na ubishi wa wiki nzima unafuata kuhusu pleti ambayo haina kosa.

Peugeot 404 ndiyo iliyoshinda mbio za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Mara mbili kati ya hizo alikuwa nayo Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell. Gia ya gari hilo iko kwenye usukani. Kati ya mkono wa dereva na giaboksi kuna fito na viungo, kila kiungo na bushi yake. Bushi zikilika, mkono unazunguka hewani ukitafuta gia ya pili kama mtu anayetafuta swichi gizani. Giaboksi huwa haijui lolote. Na ndugu yake 504 ina oili ya injini kwenye giaboksi. Ukiitia namba 90 kwa mazoea, asubuhi ya baridi kule Njombe au Limuru gia zitakuwa nzito mpaka gari lipate moto.

Tukirudi chini ya mwarobaini: siku ya vipimo gari halikushushwa kitu. Injini ikiwa imezimwa, gia zote ziliingia. Rivasi, baada ya kuhesabiwa tano, iliingia kimya. Hakukuwa na mngurumo kwenye fri, wala unyevu kwenye apa na lowa. Kijana aliyekuwa akifanya vipimo alikuwa amejifunza ufundi kwenye Toyota za miaka ya karibuni, na alibaki ameshika kiuno.

"Mzee," alimwita dereva mstaafu aliyekuwa amekuja kwa shughuli zake, "hii gia ya pili inalia na hakuna kibovu."

Mzee hakuinama chini ya gari. Alichungulia dirishani, akaona saa za mwendo na mafuta zimekaa katikati ya dashibodi badala ya mbele ya dereva. Ni Series IIA, toleo lililotengenezwa kati ya 1961 na 1971. Giaboksi yake ya asili ina sinkro kwenye gia ya tatu na ya nne pekee. Ya kwanza na ya pili hazikuwahi kupewa. Ilikuwa hadi Series III, mwaka 1971, ndipo gia zote nne za mbele zilipata. Mwenye gari alikuwa amelinunua akitokea kwenye gari la kisasa, na mikono yake ilikuwa bado huko.

Mzee aliomba ufunguo. Walipofika kwenye mteremko, gari likiwa kwenye gia ya tatu na mwendo umepungua, alikanyaga klachi, akatoa gia ikawa fri, akaachia klachi. Akagusa mafuta kidogo, injini ikapanda sauti kwa nukta moja. Akakanyaga klachi tena, akasukuma. Hiyo ndiyo dabo klachi: kuachia klachi kwenye fri kunairudisha shafti mikononi mwa injini, na lile guso la mafuta linaikimbiza hadi kwenye kasi ambayo gia ya pili inaitaka. Kijana aliinamisha sikio kuelekea sakafuni akisubiri mkwaruzo. Gari lilikuwa limeshaingia ya pili, na yeye bado anasubiri.

"Imeingia saa ngapi?" aliuliza.