Uchafu Mdogo Unaozima Seli ya Haidrojeni

Usiku wa baridi ya Karatu, na zaidi ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro ambako mwinuko unapita mita 2,200, jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa huua bila harufu. Muuaji ni kaboni monoksaidi, gesi inayoshikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Gesi hiyohiyo, kwa njia hiyohiyo, hudhoofisha seli ya haidrojeni, mtambo unaotarajiwa kuchukua nafasi ya injini ya dizeli. Ndani ya seli, haidrojeni hutua juu ya chembe za platinamu, huachia elektroni zinazotupatia umeme, kisha hupisha nyingine. Kaboni monoksaidi hutua isipishe, kama abiria wa daladala anayekalia siti asishuke.

Kwa hiyo uchafu wa mafuta haya haupimwi kwa wingi wake tu. Hupimwa kwa tabia yake. Kiwango cha kimataifa cha ISO 14687 kinataka haidrojeni ya magari iwe safi kwa asilimia 99.97. Heliamu, ambayo imetafutwa hata katika bonde la Ziwa Eyasi, inaruhusiwa kufikia sehemu 300 katika milioni, kwa kuwa huizimua haidrojeni tu. Kaboni monoksaidi isizidi 0.2, na salfa 0.004. Salfa imebanwa zaidi kwa sababu kaboni monoksaidi huweza kuondolewa kwa kupuliziwa hewa kidogo, ilhali salfa hung'ang'ania platinamu, na nguvu iliyopotea hairudi yote.

Wapo watakaosema haidrojeni inayotolewa kwenye maji kwa umeme wa jua haina sumu hizo. Ni kweli, na njia hiyo ni bora. Lakini maji ya Bonde la Ufa yenye floraidi na chumvi lazima yasafishwe kwanza, na kompresa chakavu huweza kuichafua gesi iliyozalishwa safi. Wengine watasema teknolojia hii iko mbali na Karatu. Samadi iko karibu: biogesi yake hubeba haidrojeni salfaidi, inayokula vyuma vya jenereta leo na ambayo ingeua seli kesho. Chujio lenye kutu ya chuma huinasa. Jiko la mkaa hutolewa nje kabla ya kulala. Vivyo hivyo, kabla ya kununua seli, tuulize hiyo asilimia 0.03 iliyobaki ni ya nini.