Beseni la Kujilaza Darini

Wengi wenu mnakaa nyumba za saruji, na mkisikia fundi amekuja kutengeneza choo mnaona ni kazi ya siku mbili tatu. Kwetu Mji wa Kale si hivyo. Ningependa kueleza kwa nini, maana mwaka huu choo chetu cha juu kimekuwa gumzo la nyumba nzima.

Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Sakafu ya juu hubebwa na boriti za mikoko zilizolazwa kutoka ukuta hadi ukuta. Boriti kwa kawaida haizidi mita 3, ndiyo sababu vyumba vyetu ni vyembamba na virefu. (Boriti kama hizo zilipakiwa majahazini Lamu na Rufiji zikapelekwa Ghuba, na huko nako vyumba vya kale vikawa vyembamba vile vile!) Vyoo vya zamani vilikuwa na birika la kujengwa, na mtu alioga kwa kata. Maji yaliyomwagika yalikuwa machache.

Sasa ami yangu amerudi kutoka Muscat, na amenunua beseni la chuma, lile la kujilaza. Anataka liwekwe juu. Chini ya choo hicho ndipo anapolala bibi.

Tulikaa na fundi tukapiga hesabu. Beseni tupu ni kama kilo 120. Maji lita 150, na lita moja ni kilo moja. Ongeza mtu wa kilo 70. Jumla ni kilo 340, karibu mifuko 7 ya saruji, na yote yamesimama juu ya miguu minne! Si mchezo.

"Mzee, boriti haivunjiki hivi hivi," fundi akamwambia ami. "Huoza kwanza pale ilipoingia ukutani, na wewe huoni."

Kwa hivyo kwanza hufunuliwa ncha za boriti na kudungwa kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye mkate, boriti hiyo ni ya kubadilishwa. Halafu beseni huwekwa kando ya ukuta unaobeba boriti, kwa sababu boriti hupinda zaidi ikilemewa katikati. Na lilazwe kukingama boriti, lisifuate urefu wake, tena juu ya mbao nene, ili mzigo ugawanywe kwa boriti nyingi.

Bomba la maji machafu ndilo lililotupa taabu zaidi. Linahitaji kuteremka kama sentimita 2 kwa kila mita. Kutoka beseni hadi bomba kubwa kwetu ni mita 3, basi ni sentimita 6. Utazipata wapi, na boriti haikatwi? Ama uinue beseni juu ya jukwaa, ama utoboe ukuta bomba lipite nje. Lakini Mji wa Kale unahifadhiwa kisheria. Kabla ya kugusa uso wa nyumba ni lazima kuomba ruhusa kwa ofisi ya uhifadhi, iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Chini ya beseni pia pawe na bomba lililopindwa kama shingo ya bata. Maji yanayobaki humo ndiyo yanayozuia harufu ya shimo isipande.

Na shimo lenyewe je? Mtu wa kata anatumia ndoo moja ya lita 20. Beseni linamwaga zaidi ya ndoo 7 kwa mkupuo. Shimo likijaa, matumbawe hunyonya maji kama sifongo na ukuta wa jirani huanza kutoa chumvi. Ukipaka saruji juu yake ndiyo umeufungia unyevu ndani. Chokaa huuacha upumue.

Bibi alisikiliza yote, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nimeoga kwa kata miaka sabini, na siku moja sijatoka mchafu."

Ami alicheka, lakini hesabu ilimwingia. Boriti mbili zimeshabadilishwa, na birika limepigwa chokaa upya. Beseni litawekwa chini, uani, penye ardhi ngumu, shimo likishapanuliwa. Kwa sasa limo ukumbini, na wadogo zangu wanalifanya jahazi.