Mngazi wa Yangambi: Elimu Isiyooza

Wengi huuliza: Serikali yenye barabara za kutengeneza na hospitali za kujenga, kwa nini iwalipe wataalamu kwa kuhesabu matunda na kupima majani tu? Tujibu kwa mfano wa inchi yetu wenyewe: mngazi.

Kila aliyevunja ngazi anajua kwamba hazifanani. Nyingine zina kokwa lenye ganda nene na nyama kidogo. Wataalamu huziita dura. Nyingine zina ganda jembamba na nyama nyingi, ndizo tenera. Aina ya tatu, pisifera, haina ganda gumu, lakini mti wake kwa kawaida hauivishi matunda. Zamani wenye mashamba walichagua tenera, wakapanda mbegu zake. Wakashangaa kuona mingazi mingine inazaa dura, na mingine ni tasa. Sababu gani? Hakuna aliyejua.

Mwaka 1933 Serikali ya Ubelgiji iliunda INEAC, shirika la kuchunguza kilimo cha Kongo, na kituo chake kikubwa kikawa Yangambi, kando ya mto, chini ya Kisangani. Huko walizalisha aina moja na nyingine, wakangoja, maana mngazi huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa ine. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen walitangaza jibu: tenera ni mtoto wa dura na pisifera. Ukiunganisha hizo mbili, watoto wote ni tenera. Lakini ukiunganisha tenera na tenera, katika watoto 4, kwa wastani 2 ni tenera, 1 ni dura, 1 ni pisifera. Ndiyo sheria ile ile aliyoiona Padri Gregor Mendel katika njegere za bustani ya monasteri yake, akaieleza mwaka 1865.

Faida ni nini? Shamba lile lile na jasho lile lile, lakini mafuta yanazidi kwa karibu 30 kwa mia. Nani angelipa kazi hiyo? Mkulima hawezi kungoja miaka kumi bila kula. Mfanyabiashara naye anajua kwamba elimu ikiisha kutangazwa, hata jirani yake ataitumia. Kwa hiyo mzigo huu ni wa Serikali.

Tusifiche neno: Serikali ya kikoloni ilitafuta mali yake, na wengi waliokata ngazi waliteswa. Lakini elimu iliyopatikana haikuondoka na mkoloni. Tangu miaka ya 1960 Malaysia ilipanda tenera kwa wingi, ikaendelea kulipa wataalamu wake. Leo Malaysia na Indonesia hutoa zaidi ya 80 kwa mia ya mawese ya dunia. Kwetu, baada ya 1960, wataalamu waliondoka na fedha zikapungua. Na Kongo, iliyokuwa ikiuza mawese ng'ambo, leo inayanunua huko.

Basi, tushike mambo mawili. Nyumbani, tusipande mbegu zilizookotwa chini ya tenera. Tutafute mbegu za kituo. Na tunapowasikia wakubwa wakisema kwamba uchunguzi ni hasara, tuwakumbushe: elimu haiozi, lakini huzaa kwa yule anayeipalilia.