Je, Wajua? Maneno ya Ziwa Nyasa Yaliyovuka Bahari

Je, wajua kwamba mfugaji wa samaki wa mapambo huko Ujerumani au Marekani, asiyejua hata Mbamba Bay iko wapi, huenda analitamka neno la ziwa letu kila siku? Neno lenyewe ni mbuna. Kiingereza kimelichukua kwa Watonga wa ng'ambo, upande wa Malawi, ambao huwaita hivyo samaki wadogo wa miambani. Hakikubadilisha hata herufi. Wakiwa wengi ni mbuna vilevile. Ile "s" ya Waingereza haikupata nafasi.

Mbuna ni ukoo mmoja na perege. Wengi wao hukwangua mwani juu ya mawe, na jike huatamia mayai mdomoni. Kwa kuwa hawapendi kuvuka mchanga, kila mwamba huwa na samaki wa rangi zake, ndiyo maana wauzaji huwaita kwa jina la mahali. Hongi, kisiwa kidogo cha upande wa Tanzania, leo ni jina la samaki madukani Ulaya. Wanaomnunua, sidhani kama wengi wanajua kuwa wametaja kisiwa.

Majina mengine yalitoka nje yakaja huku. Mwaka 1926 mbuna mmoja alipewa jina la kisayansi Labeotropheus fuelleborni, kwa heshima ya Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani aliyechapisha kitabu kuhusu Nyasa na Ruvuma mwaka 1906. Wavuvi hawakuulizwa.

Na Nyasa? Kwa Kiyao ni ziwa. Baada ya Livingstone kufika mwaka 1859, ramani za Kiingereza ziliandika "Lake Nyasa", yaani "Ziwa Ziwa".

Je, wajua Liuli iliwahi kuitwa Sphinxhafen? Mwamba wake uliwakumbusha Wajerumani sanamu ya Misri. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia hapo meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa nchi kavu kwa matengenezo. Jina la Kijerumani limekufa, Liuli ipo.

Panda sasa milimani Mbinga. Wataalamu wa kilimo wanaoandika kwa Kiingereza husema "ngoro", kama Wamatengo wa huko, wakitaja kilimo chao cha mashimo. Nyasi zilizofyekwa hupangwa miraba, udongo wa katikati ukachimbwa na kuzifunika, shimo likabaki. Mvua ikinyesha, maji hutuama shimoni badala ya kuporomoka na shamba. Maharage hupandwa juu ya matuta, kisha zamu ya mahindi.